Maji Ndani ya Boya: Pantoni Inapolala Upande



Msimu wa maziwa unakaribia ukingoni hapa Minnesota. Majani yameanza kugeuka rangi, na wenye mashua wanazitoa majini moja baada ya nyingine kabla barafu haijazifungia. Ni katika majuma haya ambapo pantoni kuukuu huuzwa kwa bei ya kuvutia, na ni katika majuma haya haya ambapo jamaa zetu, wakiwa wamechangishana familia tatu au nne, huzinunua. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Kwa watu wa aina yetu, wasiokwenda kutembea ila kwa ukoo mzima, sijaona mashua inayofaa kuishinda pantoni. Sakafu yake ni pana kama baraza, uzio umeizunguka pande zote, bibi ana kiti chake, watoto wana uwanja wao, na wali hupakuliwa bila kumwagika. Lakini mashua hizi zina hitilafu moja ambayo mnunuzi haioni kwa macho na muuzaji mara nyingi haitaji: maji yaliyojikusanya ndani ya maboya.

Waliokulia Dar es Salaam wakisikia neno pantoni hukumbuka kivuko cha Kigamboni, kilichojaa magari, baiskeli na vikapu vya samaki. Pantoni ya hapa ni kitu kingine. Ni jukwaa lililokalishwa juu ya maboya mawili marefu, na siku hizi pengine matatu, yaliyolala sambamba majini kama magogo. Mmarekani anayetajwa sana kwa kuibuni ni mkulima wa Richmond, katika jimbo hili hili la Minnesota, aitwaye Ambrose Weeres. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliunganisha mapipa ya chuma safu mbili, akatandika sakafu ya mbao juu yake, akaiteremsha ziwani. Chuma kiliachwa baadaye, na leo karibu maboya yote hutengenezwa kwa bati la aluminiamu lenye unene wa milimita 2 au zaidi kidogo, lililokunjwa duara na kuchomelewa. Milimita 2 ndizo zinazotutenga na ziwa, na inafaa kulikumbuka hilo kila tunapoipandisha mashua mchangani kwa kishindo.

Kinachobeba ni hewa

Aluminiamu haielei; kinachotubeba ni hewa iliyofungiwa ndani yake. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza. Kwa muda ilielea kifudifudi, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa tumboni mwake. Tundu lilipokatwa katika bati ili kuwatoa waliokuwa wangali hai ndani, hewa ilitoka na meli ikazama. Siutaji msiba ule ili kuulinganisha na matembezi ya Jumapili. Nautaja kwa kuwa sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi hivyo kwamba chombo cha bati hudumu juu ya maji kwa hisani ya hewa peke yake.

Tuchukue boya la kawaida, lenye kipenyo cha inchi 24 na urefu wa futi 20. Ndani yake huingia hewa ya lita 1,780 hivi, na kwa hiyo likizamishwa lote lina nguvu ya kuinua kilo 1,780, uzito wa boya lenyewe ukiwa ndani ya hesabu. Maboya mawili ni kilo 3,560. Pantoni iliyopakiwa kwa kiasi huzamisha takriban nusu ya maboya yake. Nusu iliyobaki juu ya maji ndiyo akiba ya wimbi la ghafula, ya upepo, na ya wageni wawili walioongezeka gatini bila kualikwa.

Sasa tuseme maji yameingia katika boya moja mpaka kina cha inchi 6, yaani robo tu ya kimo chake. Kwa umbo la duara, robo ya kimo si robo ya ujazo. Ni takriban sehemu moja ya tano. Hata hivyo hizo ni lita 350 hivi, na lita 350 ni kilo 350. Ni sawa na watu wazima watano wa kilo 70 walioketi upande mmoja wa mashua, hawaonekani, hawakuhesabiwa, na hawasikii wakiambiwa wahamie upande wa pili. Kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na usukani, kinachotaja idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa, hakiwajui hao watano.

Tena watu hao hawatulii. Mizigo ya kawaida hukaa ilipowekwa, lakini maji hutembea. Nahodha akipunguza mwendo ghafula, maji yaliyomo ndani ya boya hukimbilia omo. Akiongeza mwendo, hurudi tezi. Mashua ikilala kidogo, nayo huenda huko huko inakolala na kuizidishia. Omo ya pantoni haina kimo kikubwa. Ikiinama mbele ya wimbi la mashua nyingine, maji hupanda sakafuni kwa mkupuo mmoja, na sakafuni ndipo walipo watoto. Watengenezaji wengi hugawa boya kwa kuta za ndani ili maji yaliyoingia chumba kimoja yasifike kingine. Maboya mengi ya zamani, ambayo ndiyo tunayouziwa kwa bei nafuu, ni uwazi mmoja kutoka tezi hadi omo.

Ngama isiyo na mlango

Mtu aliyekulia pwani, au kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika, anajua kwamba chombo cha mbao kuvuja si fedheha. Maji yalishuka ngamani, mtu akayaona, akatwaa upo akayafua. Chombo kilipopandishwa ufukoni, mafundi walikikalafati upya kwa pamba iliyochovywa mafuta, wakakipaka deheni, kikarudi kazini. Boya la pantoni ni ngama isiyo na mlango. Hakuna anayechungulia na hakuna anayefua, na kwa sababu hiyo mashua inaweza kuongezeka uzito mwaka baada ya mwaka huku wenyewe wakilaumu injini kuwa imechoka.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Mashua iliyofungwa gatini, tupu na bila watu, itazamwe kutoka nyuma: maboya yote mawili yamezama sawasawa, au moja limezama kuliko mwenzake? Ikitolewa majini, pigeni boya kwa fundo la kidole kuanzia juu kuteremka chini, fungu kwa fungu. Palipo na hewa panalia kama debe tupu, na palipo na maji sauti huwa nzito na fupi. Siku ya joto, mashua ikiwa imetoka tu katika maji baridi, mara nyingi huonekana mstari wa umande ubavuni mwa boya, kwa kuwa maji yaliyomo ndani hulifanya bati kubaki baridi kwa muda mrefu zaidi. Tazameni pia tairi za trela kama zimebonyea upande mmoja kuliko mwingine.

Dalili iliyo bora kuliko zote haigharimu kitu. Pantoni ikishapandishwa juu ya trela, ifuteni mpaka ikauke kabisa, kisha nendeni mkanywe chai. Mkirudi baada ya saa moja au mbili, tafuteni mahali panapotoka machozi. Maji yaliyoingia kwa tundu lile sasa yanatoka kwa tundu lile lile, na yenyewe yanawaonyesha mlango wao. Anayekimbilia kulimwaga boya kabla ya kufanya hivi amempoteza shahidi wake.

Kwa mnunuzi, nashauri hivi: msikubali kuionea pantoni gatini tu. Ombeni itolewe majini, na kama boya lina kizibo cha kumwagia maji huko tezi, ombeni kifunguliwe mbele yenu. Kikombe kimoja cha maji si ajabu, kwani hewa yenye unyevu ikipoa huacha jasho ndani. Lakini hewa yote ya boya lile tulilolipima, hata ikijaa mvuke siku ya joto kali, haibebi zaidi ya nusu ya glasi ya maji. Muuzaji akikwambia kwamba ndoo tatu zilizomwagika mbele yako ni jasho tu, ujue umeambiwa neno lisiloingia katika hesabu.

Maji huingia vipi

Watu hudhani kwamba boya hutoboka kwa kugonga jiwe. Hutokea, na kukokotwa juu ya changarawe kila Jumamosi nako hulisugua bati mpaka likawa jembamba kama karatasi. Lakini matundu mengi yako juu, mahali ambapo vishikizo vya sakafu vimechomelewa kwenye boya. Mashua inapopigwa na mawimbi kwa miaka mingi, vishikizo hivyo huvuta na kusukuma, na kiungo kikachoka kikapata ufa usioonekana. Ufa huo ukiwa juu ya mstari wa maji hauvuji siku ya utulivu. Huvuja mashua ikijaa watu au ziwa likichafuka, yaani siku ile ile ambayo hamkutaka uvuje.

Adui mwingine ni shaba. Aluminiamu na shaba hazikai pamoja penye unyevu, aluminiamu huliwa. Mbao nyingi zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza zina shaba katika dawa hiyo, nazo ndizo ambazo wengine huzitumia kutengenezea sakafu mpya au vilalio vya trela, kisha wakazivika zulia linaloshika maji. Boya likikaa juu ya zulia hilo bichi miezi sita, huota vishimo vidogo vidogo upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Mwenye trela ya namna hiyo na atafute vilalio vya plastiki au mbao zisizo na dawa. Rangi ya kuzuia ukoga yenye shaba ndani yake nayo isipakwe kwenye aluminiamu kabisa.

Lipo tena jambo la pumzi. Boya huvuta pumzi, na hili huwashangaza hata watu wenye mashua miaka mingi. Pantoni iliyokaa juani juu ya trela inaweza kuwa na hewa ya nyuzi 40 ndani ya maboya. Ikiteremshwa katika maji ya nyuzi 15, hewa hiyo hupoa na kusinyaa, na shinikizo lake hupungua kwa karibu asilimia 8. Mvuto unaopatikana ni sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 80, ingawa boya lenyewe halikuzama hata nusu ya hapo. Tundu la ncha ya sindano, ambalo ziwa pekee lisingelisumbua sana, sasa linanyonywa kutoka ndani. Ndiyo sababu kizibo kilicholegea kidogo tu, au mpira wake uliopasuka, unaweza kuingiza ndoo nzima bila mashua kwenda popote.

Kulitafuta tundu na kuliziba

Machozi yasipojionyesha, hutumika hewa na sabuni. Boya limwagwe likauke, nalo liwe kivulini, kwa maana jua likilipiga kipimo kitadanganya. Hewa itiwe kwa pampu ya baiskeli, au kwa mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize, ambayo udogo wa nguvu zake ndio faida yake. Kisha maji ya sabuni yapakwe kila kiungo, kila kishikizo na kuzunguka kizibo, na mapovu yatasema.

Hapa naomba niwe mkali. Presha ya 2 inatosha. 3 ndiyo mwisho. Kwa kipimo hicho hicho tairi la gari dogo hujazwa hadi 32 hivi, na kuna wanaodhani boya ni tairi. Uso wa boya la inchi 24 una eneo la inchi za mraba 452. Kwa presha ya 2 tu uso huo unasukumwa kwa nguvu ya kilo 400 na zaidi. Kompresa ya kituo cha mafuta iliyoachwa bila kidhibiti inaweza kuung'oa uso huo na kumpiga nao mtu aliyesimama mbele yake, na kwa kawaida anayesimama mbele ni mtoto anayetaka kuona mapovu.

Tundu likijulikana, dawa yake hasa ni kuchomelewa na fundi anayeijua aluminiamu. Si kila mchomeleaji wa chuma anaiweza. Ngozi nyembamba inayoifunika aluminiamu huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, ilhali aluminiamu yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660, na asiyeisafisha ngozi hiyo kwanza hutoboa bati huku akidhani analiziba. Fundi aambiwe ukweli wote: kwamba ndani palikuwa na maji, na kama kuna mtu aliyewahi kumimina humo petroli au dawa yoyote. Kizibo kiwe wazi anapochoma, kwanza kwa sababu hewa iliyofungiwa ikipata moto hutanuka na kuipuliza kazi yake nje, na pili kwa sababu boya lililofungwa miaka mingi linaweza kuwa na hewa inayoshika moto.

Gundi ya epoksi ya mashua inafaa kwa tundu la sindano, ikiwa bati limekwanguliwa, limesafishwa na kukauka. Naihesabu kuwa ni bandeji ya kumalizia msimu. Haifai kwa ufa wa kwenye kishikizo, kwa kuwa ufa huo unaendelea kutembea chini ya gundi.

Lipo pia shauri linalosikika mara kwa mara, kwamba boya lijazwe povu la plastiki ili hata likitoboka lisizame. Silipendi. Povu la lita 1,780 peke yake lina uzito wa kilo 50 na kitu, na baada ya miaka kadhaa povu nalo hunywa maji na kuyashikilia dhidi ya bati, na tangu siku hiyo hakuna fundi atakayekubali kuchoma karibu nalo. Afadhali fedha hiyo imwendee fundi atakayechomelea tundu la kizibo chenye hesi huko tezi, kama boya halinalo, ili kulikagua kila mwaka kuwe kazi ya dakika tano.

Mashua ya ushirika

Pantoni nyingi za jamaa zetu zina wenyewe wengi, na boya likikutwa na maji swali la kwanza katika kikao huwa ni nani aliyeigonga. Mjomba humtazama shemeji, shemeji humtazama kijana aliyeiazima wiki iliyopita. Kutokana na yale niliyoyaeleza, mara nyingi hakuna aliyegonga. Ni kiungo kilichochoka, au vilalio vya trela, na vilianza kabla hata ya kununuliwa. Daftari dogo ndani ya sanduku la mashua, lenye tarehe ya kila ukaguzi na kiasi cha maji yaliyotoka katika kila boya, huokoa undugu mwingi. Kama boya la kushoto lilitoa kikombe mwezi Mei na ndoo mwezi Julai, gharama ni ya wote, na mashua haitoki tena gatini mpaka itengenezwe. Najua uzito wa neno hili pale wageni wamekwisha kutoka Iowa na Wisconsin, nyama imekwisha kolezwa viungo na watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Nyama huchomeka ufukoni vilevile.

Mkikutwa ziwani mashua imeanza kulala, kila mtu avae jaketi la kuokolea, wakubwa na wadogo. Sheria ya Minnesota inamlazimisha mtoto wa chini ya miaka 10 kulivaa mashua inapotembea, lakini ziwa halina habari na umri. Abiria wahamie taratibu upande ulioinuka, wakiwa wameketi. Mwendo uwe mdogo na usibadilishwe ghafula, ili maji ya ndani yasirushwe omo. Elekeeni ufuko ulio karibu kuliko yote, hata kama gati lenu liko ng'ambo na gari liko huko.

Kabla ya barafu

Nimeandika sasa na si majira ya kuchipua kwa sababu maji yanayosumbua wakati wa kiangazi huharibu wakati wa baridi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Hugandia kwanza kwenye bati na juu, na yale ya katikati yakigeuka barafu hayana pa kwenda isipokuwa kuusukuma ukuta. Boya lililokuwa na tundu la sindano mwezi Oktoba linaweza kuonekana mwezi Aprili limevimba, na kiungo chake cha chini kimefunguka kwa urefu wa mkono. Tundu la kwanza lilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa fundi. Hilo la pili laweza kugharimu boya zima.

Basi pantoni ikishapanda trela, kwanza tafuteni machozi yake kama nilivyoeleza. Kisha inueni omo, tezi ishuke, mfungue vizibo na kuyaacha maji yatoke yote, kila chumba kwa zamu yake kama boya lina vyumba. Hapa Minnesota sheria inataka mashua isafirishwe barabarani ikiwa imemwagwa maji na vizibo vimeondolewa, ili konokono wageni na magugu yasihamishwe kutoka ziwa moja hadi jingine. Kwa hiyo kazi hii mngeifanya kwa vyovyote vile. Tundu lililobaki wazi lifunikwe kwa kipande cha wavu wa dirisha, la sivyo panya na nyigu watahamia humo kabla ya Krismasi. Vizibo vyenyewe vifungwe kwa uzi mwekundu kwenye usukani, ili yeyote atakayetia ufunguo wa injini mwezi Mei avikute mkononi mwake.